Namba na Jina: Injini za Makumbusho, Reli ya Kati na Manamba wa Buha

Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971, wakati Kenya, Uganda na Tanzania bado zikiendesha shirika moja la reli. Miongoni mwa injini za mvuke zilizohifadhiwa humo ni mbili za daraja la 59, aina ya Garratt, zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester katika miaka ya 1950: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Injini za daraja hilo zilikuwa 34, kila moja ikiwa na uzito wa takriban tani 250, na zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Ipo pia namba 3020, Nyaturu, yenye jina la kabila la Singida. Gelai na Shengena ni milima ya Tanzania. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, makumbusho yalibaki upande wa Kenya.

Insha hii inadai kwamba pengo kubwa zaidi katika urithi huo halitokani na mahali injini zilipo, bali na watu ambao historia ya mashine haiwataji. Mfano wa wazi ni Buha, yaani nyanda za juu za Kasulu na Kibondo. Ujenzi wa Reli ya Kati, yenye upana wa mita moja, ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mwendo wa takriban kilometa 1,250. Reli hiyo haikupanda kwenda Kasulu. Hata hivyo, ni Waha walioshuka kuifuata.

Chini ya utawala wa Waingereza, Buha iligeuzwa kuwa ghala la nguvukazi. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, ilhali fursa za kupata fedha hizo nyumbani zilikuwa chache. Vijana waliteremka Kigoma kwa miguu, na baadaye kwa malori, wakapanda treni kuelekea mashamba ya mkonge ya mashariki. Mwaka 1944 wamiliki wa mashamba hayo waliunda SILABU, chombo cha pamoja cha kuandikisha vibarua, na Buha ikawa miongoni mwa maeneo yake makuu. Walioandikishwa waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alitambuliwa kwa namba aliyopewa.

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa na uzito. Injini ilipewa namba na jina. Kibarua alikuwa na jina, akapewa namba. Injini ikahifadhiwa na vibao vyake, ilhali safari ya kibarua imebaki zaidi katika masimulizi ya familia.

Yawezekana kupinga kwamba makumbusho ya reli ni ya ufundi, si ya ajira. Pingamizi hilo halitoshi, kwa kuwa reli hupimwa kwa ilichobeba. Kigoma yenyewe inathibitisha hivyo: meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, iliwasili ikiwa vipande kwa njia hiyohiyo. Shehena hiyo husimuliwa mara kwa mara. Abiria wa daraja la chini hawasimuliwi.

Suala hili si la zamani tu. Mkataba wa ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma ulisainiwa mwaka 2022, na ule wa Uvinza hadi Musongati, Burundi, mwaka 2025. Reli ya mita moja itakapogeuka kuwa urithi, jengo la stesheni la Wajerumani lililopo Kigoma laweza kuhifadhi kumbukumbu zake. Endapo masimulizi ya wazee wa Kasulu na Kibondo hayatakusanywa mapema, urithi huo utakuwa na chuma kingi na watu wachache.