Gari Lisilokufa: Chombo cha Kuaminika katika Mwambao wa Rumonge

Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, mjomba alinipigia simu kutoka Rumonge. Baada ya miaka mingi ya kuuza mawese na ndagala alikuwa amepata fedha za kununua gari. Alitaka gari la kupanda milima ya Vyanda na Buyengero kufuata madumu ya mawese, na wakati wa kiangazi kuwapeleka wageni wanaotaka kuona sokwe katika hifadhi ya msitu. "Wewe unasoma historia," alisema. "Niambie gari gani halifi."

Nilicheka, nikamwambia aulize fundi. Lakini swali lake halikuniacha. Tumezoea kusoma historia ya mwambao wetu kwa majina ya wafalme, wamisionari na maofisa. Mjomba alikuwa akiuliza jambo ambalo kila aliyepita hapa alilazimika kulijibu kabla hajaanza safari: nipande nini, na kikiharibika nani atanisaidia?

Mfano wa kwanza ninaoujua vizuri ni wa mwaka 1858. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari mwaka huo, wakitaka kwenda kaskazini mwa ziwa kuuona mto Rusizi. Waliambiwa kwamba ng'ambo, katika kisiwa cha Kasenge, mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Sheikh Hamed bin Sulayyim ana jahazi. Jahazi lilikuwa na tanga na nafasi ya mizigo, na lingestahimili mawimbi kuliko mtumbwi. Speke akavuka ziwa kwenda kuliomba. Alipokewa vizuri, akala vizuri, kisha akaambiwa asubiri, kwa sababu mwenyewe alikuwa na safari yake ya pembe za ndovu iliyohitaji miezi. Speke akarudi mikono mitupu. Mwezi wa Aprili wazungu hao wawili wakapanda mitumbwi ya watu wa Ujiji, wakafuata sehemu ya pwani yetu hii ya Burundi, kisha wakavuka ziwa na kufika Uvira, wakilowa mvua na kulala ufukweni. Kwenye Rusizi penyewe hawakufika. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley ndio waliofika, nao walikwenda kwa mtumbwi. Jiwe lenye majina yao lipo mpaka leo Mugere, kusini ya Bujumbura.

Vitabu husimulia habari hiyo kama kushindwa kwa Speke. Mimi naisoma kama swali la mjomba. Kwa sifa, jahazi lilikuwa bora. Lakini lilikuwa moja, la mtu mmoja, mwenye ratiba yake. Mtumbwi ulikuwa duni, ila kila kijiji cha pwani kilikuwa na wapiga makasia wake na mtu wa kuuziba ukitoboka.

Magari yalipoingia, mambo yalikuwa yale yale. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Toyota walitengeneza gari lao la aina hiyo mwaka 1951, wakalipa jina la Land Cruiser mwaka 1954. Kwa miaka mingi Land Rover ndiyo iliyokuwa gari la porini katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Burundi ilikuwa chini ya Wabelgiji, lakini wao pia waliikubali: kuanzia mwaka 1952 kampuni ya Minerva ilitengeneza Land Rover huko Ubelgiji kwa leseni.

Ushahidi ninaoupenda zaidi kuhusu gari hilo umo katika lugha. Tanzania, gari dogo la polisi lililo wazi nyuma watu huliita difenda. Litazame vizuri: mara nyingi limeandikwa Toyota. Land Rover walianza kutumia jina la Defender mwaka 1990, kwa hiyo neno hili haliwezi kuwa la zamani kuliko hapo. Maana yake ni kwamba katika miaka ya 1990 Land Rover ilikuwa bado ndiyo sura ya gari la serikali machoni pa watu. Baadaye Toyota ilichukua kazi, ila jina haikulichukua. Wanaisimu wenzangu watasema hilo ni jambo la kawaida. Sawa, lakini kwa mwanafunzi wa historia ni sawa na kuokota kigae cha chungu.

Kwa nini Toyota ilishinda? Si kwa sababu Land Rover ilikuwa mbovu. Kwenye matope na mawe, Land Rover zenye springi za kuzunguka, zilizotoka kuanzia mwaka 1983, zilipanda vizuri sana, na wazee wa vitalu vya uwindaji vya magharibi mwa Tanzania, kama Moyowosi na Ugalla, bado wanaweza kubishana nawe usiku kucha juu ya hilo. Naona Toyota ilishinda gereji. Land Cruiser ya mwaka 1984 na kuendelea, ile ngumu ya mashambani, ilitengenezwa kwa miongo mingi bila kubadilika sana, hivyo kipuri cha gari moja kiliweza kuvuliwa na kuvikwa jingine. Fundi aliyejifunza injini yake ya dizeli Bujumbura hakupotea akifika Kigoma au Bukavu. Defender ya zamani iliacha kutengenezwa mwezi wa Januari 2016. Toyota ngumu bado inatengenezwa.

Nilimwandikia mjomba haya yote katika ujumbe mrefu. Alinijibu kwa maneno mawili: "Bei je?" Land Cruiser ilikuwa mbali na uwezo wake.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani, nikakuta jambo ambalo sikulifikiria. Bibi hakutaka gari lolote. Alisema fedha zile zinunue mtumbwi wa pili na injini yake. Mjomba alidhani ni uzee. Mimi nilikaa naye jioni moja, nikamwuliza kwa nini.

Hapa lazima nirudi nyuma. Usiku wa tarehe 29 Aprili 1972, waasi wa Kihutu walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za mwambao, wakaua Watutsi na maofisa wa serikali. Jeshi lilijibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima kwa miezi, hasa ya Wahutu waliosoma au waliokuwa na kazi, lakini si wao tu. Makadirio mengi yanataja watu kati ya 100,000 na 300,000. Katika simulizi za waliookoka, sehemu nyingi za nchi, lori na jipu hurudi tena na tena: zilikuja mchana, zikaondoka na watu, zikarudi tupu.

"Mjukuu wangu," bibi aliniambia, "gari lilikuja likamchukua kaka yangu. Mtumbwi ulikuja ukanichukua mimi." Hakuongeza neno. Alivuka kwa mtumbwi usiku, akafika upande wa Kigoma, na hatimaye akapelekwa Ulyankulu, mojawapo ya makazi matatu makubwa ya wakimbizi wa 1972 pamoja na Katumba na Mishamo. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, watu wa makazi hayo walipopewa nafasi ya kuchagua, zaidi ya 160,000 walichagua uraia wa Tanzania. Bibi alichagua Rumonge. Alikuta shamba lake la michikichi lina mwenyewe mwingine, kama walivyokuta wengi waliorudi mwambao huu, na walimaliza kwa kuligawana. Mawese anayouza mjomba yanatoka katika nusu hiyo.

Nilikuwa nimemwandikia mjomba kurasa juu ya springi na injini bila kuuliza gari lilikuwa nini kwa mtu aliyezaa watoto wa nyumba ile. Katika mwambao wetu neno kuaminika lina maana ya kwanza ambayo haimo katika kitabu chochote cha magari: kitakutoa hapa usiku?

Mjomba alimsikiliza mama yake. Hakununua mtumbwi, lakini hakununua pia Land Rover kuukuu aliyokuwa ameahidiwa kwa bei nafuu. Alinunua Hilux ya dizeli ya mtumba, yenye magurudumu manne yanayovuta, iliyotoka Tanzania. Fundi wetu wa Rumonge alitaja sababu ambayo Sheikh Hamed angeielewa: spea za Hilux zinafika kutoka Kigoma baada ya siku chache, za ile nyingine angezisubiri kwa mwezi.

Sitasema uchaguzi ule ulimaliza matatizo. Mwaka 2024 ziwa lilipanda, maji yakaingia katika nyumba na njia za pwani. Mwaka huo huo mafuta yakawa adimu nchini kuliko wakati wowote ninaoukumbuka, na Hilux ilikaa chini ya mwembe wiki nyingi. Gari halikufa, lilikosa cha kunywa. Katika wiki hizo mjomba alisafirisha mawese kwa mtumbwi wa kukodi, na bibi, kwa adabu yake, hakumkumbusha kitu.

Kuna jambo moja zaidi juu ya gari hilo. Burundi tunaendesha kulia, na Hilux ya Tanzania ina usukani upande wa kulia. Ukitaka kulipita lori katika barabara ya kwenda Bujumbura, dereva haoni mbele mpaka atoe gari zima katikati ya njia. Anayeona ni aliyekaa kushoto. Kwa mwaka mzima bibi alikataa kupanda. Kisha siku moja alihitaji kwenda hospitali, akakaa kiti hicho cha kushoto, ameshika kitambaa chake kwa mikono miwili, akajikuta yeye ndiye mwenye macho.

Nilikuwa nyuma pamoja na madumu. Karibu na Minago tulilikuta lori la samaki linalokwenda polepole. Mjomba akauliza, "Mama, vipi?" Bibi akasogeza kichwa karibu na kioo.

"Bado," alisema. "Bado. Pikipiki hiyo ipite kwanza. Haya, sasa."