Nani anaijua njia ya Mang'ola?

Nimepotea kwa siku kadhaa, wasomaji wangu. Na safari hii nikisema nimepotea sina maana ile ya kawaida, ya mtu aliyekosa muda wa kuandika. Nilipotea njia kabisa. Mchana kweupe, juu ya pikipiki, katikati ya Karatu na Ziwa Eyasi.

Ilikuwa hivi. Nilitoka Arusha na pikipiki ya kuazima kwenda Mang'ola, kule kwenye mashamba ya vitunguu, kuzungumza na wakulima. Mpaka Karatu hakuna tatizo. Ni kama kilomita 140 za lami: unapita Makuyuni, unapita Mto wa Mbu, unaupanda ukuta wa Bonde la Ufa, unaingia mjini vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Nikanywa chai. Nikaibana simu kwenye usukani, nikaandika "Mang'ola", mstari wa buluu ukatokea. Nikajiona mjanja wa mjini.

Ukishaiacha lami na kuipita Njia Panda, mambo yanabadilika. Mtandao ulikatika. Ramani ikafutika, kidoti changu cha buluu kikabaki kinaelea kwenye karatasi tupu. Njia ikagawanyika mara tatu. Nikachagua ile yenye alama nyingi za matairi, ikanipeleka mpaka ukingoni mwa korongo, ikaishia hapo. Jua kali, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Simu nayo ikaandika kwamba imepata joto kupita kiasi, ikazimika.

Nikakaa chini ya mti. Baada ya muda akatokea mzee mmoja na ng'ombe wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unakwenda kwa nani?"

Sikilizeni swali hilo vizuri. Hakuuliza ninakwenda wapi. Aliuliza ninakwenda kwa nani. Nikamweleza. Akaitazama simu usukanini.

"Na huyo wa kwenye simu anasemaje?"

"Amezimika, mzee."

"Basi uliza wasiozimika."

Akanielekeza: rudi mpaka kwenye mashine ya kusaga, ishike mkono wa kushoto, usiufuate mfereji, ukianza kunusa vitunguu ujue umefika. Nikanusa vitunguu, nikafika.

Niliporudi mjini nikawasimulia marafiki zangu, wakanicheka, kisha wakagawanyika pande mbili. Wa kwanza wakasema: mtu anayeendesha pikipiki maporini anunue kifaa chenyewe cha GPS, simu ni ya kupigia. Wa pili wakasema: kifaa cha nini leo, simu ina kila kitu. Mmoja, dereva wa watalii, akanipa kifaa chake cha zamani nikakijaribu. Wiki mbili baadaye nikarudi njia ile ile.

Nitawapa matokeo. Lakini naomba kwanza tupige hatua chache nyuma, kwa sababu nadhani mabishano yetu yalikosa jambo kubwa zaidi. Tulibishania chombo, tukaisahau ramani.

Mwaka 1978 ni mwaka wa ajabu kwa habari hii. Tarehe 22 Februari mwaka huo Marekani ilirusha angani setilaiti ya kwanza ya mfumo wa GPS. Na mwaka huo huo, huko Laetoli, ndani ya eneo la Ngorongoro, watafiti wa Mary Leakey walizikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita, juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua. Yaani mwaka mmoja uligundua mojawapo ya njia za kale kuliko zote, ukaanzisha na hii mpya ya angani. Wale wa Laetoli hawakuwa na dira wala setilaiti. Walikuwa wanajua wanakokwenda, au angalau walikuwa wanafuatana.

Sasa turudi nyuma kidogo, mwaka 1892. Oscar Baumann, Mwaustria, aliondoka Tanga mwezi Januari na msafara mkubwa. Tarehe 18 Machi akafika ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Vitabu vingi vinamtaja kuwa Mzungu wa kwanza kuiona. Alikuwa anapima njia yake na kuchora, na ni yeye aliyeziingiza Eyasi na Manyara kwenye ramani za Ulaya. Mnajua alichokikuta? Njaa. Sotoka ilikuwa imeua ng'ombe wa Wamasai, na watu walikuwa wamebaki mifupa. Nchi haikuwa tupu, ilikuwa imejeruhiwa.

Najiuliza: Baumann aliijuaje njia? Hakushushwa na parachuti. Alikuwa na wapagazi waliobeba, na wenyeji waliomwambia pita huku, maji yako kule. Ramani ilipochapishwa, jina kubwa likawa la mchoraji. Walioulizwa njia hawakuwekwa. Hata majina waliyoyatoa yalifika yamevunjika. Bonde la Oldupai, ambalo Wamasai waliliita hivyo kwa sababu ya katani pori inayoota pale, liliandikwa vibaya na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20, na dunia nzima ikajifunza kusema "Olduvai". Kosa la mtu mmoja aliyesikia vibaya likawa ukweli wa vitabu vya shule kwa miaka na miaka.

Tuje angani sasa. GPS ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea ya Kusini ilipotea njia, ikaingia anga la Umoja wa Kisovyeti, ikatunguliwa. Watu 269 walikufa. Mwezi huo huo serikali ya Rais Reagan ikatangaza kwamba GPS ikikamilika raia nao wataitumia bure. Lakini waliwapa raia ishara iliyochafuliwa makusudi, yenye makosa ya hadi kama mita 100. Hebu fikiria: mita 100 njia ya Mang'ola ni tofauti ya daraja na korongo. Uchafuzi huo uliondolewa kwa amri ya Rais Clinton mwanzoni mwa Mei 2000, na ghafla vifaa vile vile vya zamani vikawa sahihi maradufu bila mwenye navyo kufanya lolote.

Hapo ndipo vifaa vya mkononi viliposhamiri. Miaka ile ya 2000 kampuni ya Garmin ilikuwa inauza eTrex, kidude cha kutosha kiganjani kilichotumia betri mbili za kawaida, na mwaka 2006 ikatoa zumo, kilichotengenezwa kwa ajili ya pikipiki hasa. Huku kwetu walikuwa navyo watafiti wa wanyama, marubani, na watalii waliovuka Afrika nzima kwa gari au pikipiki. Simu za wengi wetu wakati huo zilikuwa na mchezo wa nyoka na tochi.

Halafu simu ikaimeza GPS. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalielewi, mimi nikiwa wa kwanza kabla ya kulikuta lile korongo: GPS haili bando. Simu yako ni kama redio tu. Inasikiliza setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu, inahitaji nne ili ijue ilipo, na haitumi chochote huko. Simu za sasa zinasikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Ndiyo maana kidoti changu cha buluu hakikupotea. Kilichopotea ni ramani, kwa sababu ramani ndiyo iliyokuwa inakuja kwa mtandao. Ningeipakua nikiwa Karatu, wakati nakunywa chai, nisingekaa chini ya ule mti.

Haya, matokeo ya safari ya pili. Kifaa cha yule rafiki kilinishinda kwa heshima. Kioo kilisomeka jua la saa saba. Nilikibonyeza nikiwa na glavu. Mvua ikanyesha, kikanyamaza tu, kikaendelea. Betri zake unazinunua duka lolote lenye sabuni na chumvi. Simu haiwezi kujisifu hivyo: kioo chake kikilowa kinajibonyeza chenyewe, na mtikisiko ni adui. Apple yenyewe ilitoa tahadhari mwaka 2021 kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za simu zake. Lakini ramani iliyokuwa ndani ya kile kifaa iliijua lami tu. Baada ya Njia Panda, kwa mujibu wake, hakuna binadamu anayeishi. Na sikuwa na namna ya kukiambia, nikiwa pale njiani, kwamba kinakosea.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu.

Mwaka 2004 Mwingereza Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuirekebisha. Hapa Tanzania, mwaka 2015 ulianza mradi wa Crowd2Map, na chanzo chake hakikuwa starehe ya waendesha pikipiki. Wasichana mkoani Mara walikuwa wanakimbia ukeketaji, na waliotaka kwenda kuwaokoa usiku walikuwa hawazioni njia za vijijini kwenye ramani yoyote. Watu wa mbali wakachora barabara na nyumba kwa kuangalia picha za setilaiti, na wenyeji wenye simu wakaongeza majina ya vijiji. Ramani ile ile unaweza kuipakua bure kwenye simu ya bei nafuu. Ni kweli hata baadhi ya vifaa vya GPS vinaweza kuwekewa ramani hiyo. Lakini simu ndiyo inayokuruhusu kuisoma na kuiandika, ukiwa umesimama hapo hapo kwenye njia panda.

Nani ataniambia hilo ni jambo dogo, na hasa kwa Ngorongoro? Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta kata, vijiji na vitongoji vya tarafa ya Ngorongoro. Kwa karatasi moja, mahali wanapoishi maelfu ya watu hapakuwa tena na jina mbele ya sheria. Watu waliandamana kando ya barabara inayokwenda Serengeti, na Mahakama Kuu mjini Arusha ikasimamisha utekelezaji wa tangazo hilo mwezi huo huo. Sisemi kwamba kidoti kwenye simu kinamlinda mtu. Nasema tu kwamba tangu Baumann mpaka leo, kuwepo au kutokuwepo kwenye karatasi ya mtu mwingine ni jambo linalogusa ng'ombe, kura na nyumba.

Na ramani, hata nzuri, ina mambo isiyoyajua. Muombe mstari wa buluu akupeleke Mwanza kutoka Karatu. Anaweza kukunyoosha moja kwa moja kupitia geti la Lodoare. Hatakuambia kwamba kwa kawaida pikipiki hairuhusiwi kupita pale, na kwamba mlinzi atakugeuza kwa upole wakati ukungu unashuka. Kijana yeyote wa bodaboda Karatu mjini anajua hilo.

Basi mkiniuliza, jibu langu ni hili. Kama unakwenda mbali, siku nyingi, peke yako, na fedha unazo, chukua kifaa, na usisahau kuangalia ramani iliyomo. Kwa sisi wengine, simu inatosha: ipakue ramani kabla ya safari, iwe simu ya pili, ya bei ndogo, ile nzuri ikae mfukoni, beba chaji ya akiba, na uiwekee kivuli. Ukifika mahali ambapo ramani imekosea, irekebishe. Usiwe kama wale waliouliza njia wakaondoka nayo.

Mimi nimeshaanza. Lile korongo sasa lipo, na ile njia inayodanganya nimeandika kwamba haipitiki. Mashine ya kusaga nayo nimeiweka. Jina la mzee sijaliweka, kwa sababu hakunipa na sikumwuliza. Aliuliza yeye tu ninakwenda kwa nani, na mimi kwa haraka zangu za mjini sikumwuliza yeye ni nani.

Mwezi ujao vitunguu vinavunwa. Nitapita tena.