Hongo, Kirangozi na Mwenyeji: Historia ya Safari za Miguu katika Milima ya Burundi

Matangazo ya utalii hulifanya jambo hili lionekane jepesi. Mgeni hulipa, hupewa kiongozi wa njia, hutembea milimani siku kadhaa, na kila usiku hulala katika kijiji cha wenyeji. Nchini Moroko safari za namna hiyo katika milima ya Atlas zimekuwa riziki ya familia nyingi za Waamazigh, ambao vitabu vingi huwaita Waberberi. Wageni wanaokwenda Toubkal, kilele chenye kimo cha mita 4,167, hutembea na kiongozi wa huko, mizigo yao hubebwa na nyumbu, na jioni hunywa chai ya mnanaa katika nyumba za mawe na udongo.

Wapo wanaotamani kuona likizo za aina hiyo katika nchi ya vilima kati ya Gitega na Muyinga, nchini Burundi. Kabla ya kuuliza kama zinawezekana, inatupasa tukumbuke kwamba wageni wamekuwa wakitembea katika vilima hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja, wakiongozwa, wakibebewa mizigo na kulala kwa wenyeji. Kilichobadilika ni masharti. Tutayafuata mabadiliko hayo kwa msaada wa maneno matatu ya misafara ya zamani: kirangozi, posho na hongo.

Nchi ambayo kijiji chake ni kilima

Mtu aliyezoea vijiji vya pwani, ambako nyumba hukaribiana na msikiti hukaa katikati, akifika Burundi hukitafuta kijiji asikione. Kwa jadi, Warundi hawakujenga nyumba zilizobanana. Kila familia iliishi katika rugo, yaani boma lililozungushiwa ua, lenye nyumba, mahali pa ng'ombe na ghala la chakula, nalo likazungukwa na migomba na mashamba yake. Maboma hayo yametawanyika juu ya kilima, na kilima chenyewe, kiitwacho umusozi kwa Kirundi, ndicho kijiji. Mrundi akiulizwa kwao ni wapi, hutaja kilima chake.

Kila kilima kilikuwa na wazee wake wa haki, abashingantahe. Hawa walikuwa watu waliopimwa mwenendo kwa muda mrefu, kisha wakaapishwa mbele ya jamii ili wasuluhishe magomvi na kulinda amani. Mgeni hakuingia katika nchi isiyo na mwenyewe. Aliingia katika kilima chenye majirani wanaojuana na wazee wenye neno. Akipokewa, aliletewa pombe ya ndizi, urwarwa, au ya mtama, impeke, akainywa pamoja na mwenyeji wake, pengine kwa mirija kutoka chungu kimoja.

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Husema pia, "Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe." Wanafunzi wengi hudhani kuwa methali hizi zinapingana: ya kwanza inakaribisha, ya pili inafukuza. Ukizitazama vizuri utaona zinakubaliana katika jambo moja. Katika zote mbili, mwenyeji ndiye mwenye uamuzi. Yeye hufungua mlango, na yeye huweka muda. Ukarimu wa mtu asiyeweza kukataa si ukarimu. Ni utumwa uliovikwa nguo nzuri.

Kirangozi na hongo

Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo na miji mingine ya pwani, ikapita Tabora na kufika Ujiji, kwenye ziwa Tanganyika. Mbele alitembea kirangozi, mjuzi wa njia. Nyuma yake walifuata wapagazi, wakiwa wamebeba mizigo kichwani na mabegani, nao walipewa posho, yaani chakula cha njiani au nguo za kununulia chakula hicho. Leo posho ni fedha anayopewa mtumishi anaposafiri kikazi, au ile anayolipwa mjumbe wa mkutano. Asili yake ni kibaba cha nafaka cha mpagazi.

Msafara ulipofika katika nchi ya mtawala, ulisimama na kulipa hongo: vitambaa, shanga au waya wa shaba. Wakati huo neno hongo halikuwa na aibu. Ilikuwa ada ya kupita, iliyotolewa hadharani baada ya mazungumzo ambayo huenda yakachukua siku kadhaa. Viongozi wa misafara waliilalamikia sana, na baadhi ya watawala walidai kupita kiasi. Hata hivyo, ada hiyo ilikuwa na maana iliyo wazi: nchi hii ina mwenyewe, na ruhusa yake ina bei.

Burundi ilikuwa na mwenyewe hasa. Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala tangu katikati ya karne ya 19 hadi mwaka 1908, hakuiacha nchi yake iwe uwanja wa misafara ya pembe na watumwa. Mfanyabiashara mwenye nguvu wa Ujiji, Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuingia kwa silaha akashindwa kuiteka.

Mgeni anapoacha kuomba ruhusa

Septemba 1892 Mwaustria Oscar Baumann aliingia Burundi kutoka mashariki. Alikuwa ameondoka Tanga mwezi Januari mwaka huohuo, akiongoza msafara mkubwa wa wapagazi na askari, naye alikitafuta chanzo cha mto Nile katika maji ya Ruvubu. Aliandika kwamba makundi ya watu yalimpokea kwa shangwe, yakidhani kuwa ni mfalme Mwezi aliyerudi. Lakini safari hiyohiyo ilikuwa na mapigano ya bunduki dhidi ya mishale na mikuki. Baumann hakuwa mgeni wa Mwezi Gisabo. Alipita katika nchi ya mfalme bila idhini ya mfalme.

Miaka kumi baadaye hali ilikuwa imegeuka zaidi. Oktoba 1902 nahodha Mjerumani Robert von Beringe, aliyekuwa na kituo Usumbura, alipanda mlima Sabyinyo, kwenye milima ya volkano upande wa Rwanda. Huko aliwapiga risasi sokwe wakubwa ambao sayansi ya Ulaya ilikuwa haijawaeleza, na hadi leo jina la kisayansi la sokwe wa milimani, Gorilla beringei, limetokana na jina lake. Mwaka uliofuata afisa huyohuyo aliongoza vita dhidi ya Mwezi Gisabo. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, mwami alilazimika kuukubali utawala wa Wajerumani. Mpanda mlima na mvunja enzi ya mwenyeji walikuwa mtu mmoja.

Kisa cha Hans Meyer kinafanana na hicho. Mwaka 1889 yeye na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro, na vitabu vingi vikaandika majina hayo mawili tu, ingawa walisaidiwa na watu wa pwani na wa Uchagga. Mmoja wao alikuwa Mwini Amani wa Pangani, aliyekaa nao kwenye kambi ya juu katika baridi kali. Huko Marangu anakumbukwa pia Yohani Kinyala Lauwo kuwa miongoni mwa walioonyesha njia. Mwaka 1911 Meyer alisafiri Burundi, na mwaka 1916 akachapisha kitabu kikubwa juu ya Warundi. Ni hazina kwa mwanahistoria, lakini kiliandikwa na mtu aliyetembea katika nchi ambayo wenyeji wake hawakuwa tena na uwezo wa kumwambia, "Hapana, usipite."

Mwaka 1912 Wajerumani waliweka makao yao ya utawala Gitega. Juni 1916 Wabelgiji waliingia mjini humo. Chini ya tawala hizo mbili, kubeba mizigo kuligeuka kuwa wajibu wa kulazimishwa. Afisa aliposafiri, vilima vilitakiwa kutoa wapagazi, chakula na mahali pa kulala. Barabara nazo zilichimbwa kwa kazi za shuruti. Neno la Kiswahili kiboko liliingia katika Kirundi likawa ikiboko. Mtu hahitaji maelezo marefu kujua neno hilo liliingia kwa njia gani.

Katika mabadiliko hayo hongo nayo ilikufa. Serikali ya kikoloni haikuweza kukubali kwamba mtawala wa Kiafrika awe na haki ya kutoza ada ya kupita. Neno lilibaki bila kazi yake ya zamani, na leo katika Kiswahili sanifu hongo ni rushwa. Ada ya halali ya mwenyeji imekuwa jina la uhalifu. Sisemi kwamba rushwa itetewe. Nasema kwamba tunapolitamka neno hili, tukumbuke kilichopotea pamoja na maana yake ya kwanza.

Urithi ni wa nani?

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na ufalme ukafutwa Novemba 1966. Mgeni anayefika Gitega leo, mji uliotangazwa kuwa makao makuu ya kisiasa kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, huonyeshwa makumbusho ya taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955, kisha hupelekwa Gishora, kilima kisicho mbali na mji. Hapo Mwezi Gisabo alijenga makao baada ya kumshinda mpinzani wake Ntibirangwa, na hapo zimehifadhiwa ngoma mbili tukufu, Ruciteme na Murimirwa. Kwa Kirundi neno ingoma lina maana ya ngoma na pia ya ufalme, hivyo kulinda ngoma kulikuwa kulinda nchi.

Mwaka 2014 UNESCO iliandikisha ngoma za kifalme za Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Oktoba 2017 amri ya rais iliwakataza wanawake kupiga ngoma hizo, ikataka kila onyesho liwe na kibali cha serikali na ada iingie katika hazina ya umma. Basi ada ya mwenyeji imerudi, lakini swali la kiraia halijaisha. Mwenyeji ni nani hapa: wapiga ngoma, kilima cha Gishora, au wizara?

Swali hilo lipo pia upande wa Muyinga, mji wa kaskazini-mashariki ambao barabara yake huelekea Kobero, mpakani mwa Tanzania, na ambako Kiswahili husikika sokoni. Kusini mwake kuna mbuga ya taifa ya Ruvubu, kubwa kuliko zote nchini, iliyoanzishwa mwaka 1980. Ina nyati, viboko na ndege wengi. Ili iwe mbuga, familia zilizoishi humo ziliondolewa. Anayetembea leo kando ya mto huo akisifu ukimya wake, na ajue kwamba sehemu ya ukimya huo ni maboma ya watu yaliyohamishwa.

Kilima chenye neno

Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilifunga njia nyingi. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulifungua mlango wa amani, na mwaka 2005 kila kilima kilichagua baraza lake la watu watano. Kwangu mimi, hapa ndipo penye tumaini la safari za miguu zenye haki. Mipaka ya mikoa imebadilika, na tangu mwaka 2025 Muyinga imo katika mkoa mpya wa Buhumuza, lakini kilima kimebaki kuwa mahali ambapo raia humjua kwa jina yule aliyempigia kura.

Safari ya miguu kutoka Gitega au Muyinga inaweza kupangwa kwa namna mbili. Ya kwanza, mwenye kampuni mjini huchagua njia, huweka bei, na kumwambia mwenye rugo, "Wageni watalala kwako." Hiyo ni safari ya mwaka 1912 iliyovaa viatu vipya. Ya pili, baraza la kilima huketi kwanza, likaamua kama wageni waje, wangapi, kwa siku ngapi na kwa ada gani, ada hiyo ikatangazwa hadharani. Kirangozi wa leo akawa kijana wa kilima anayelipwa kwa ujuzi wake na kutajwa jina lake, na aliyepika maharage na ndizi akalipwa kama mpishi. Na kilima kikisema, "Mwaka huu hapana, tunavuna," mgeni akaelewa.

Wanafunzi wangu, jadilini haya kwa Kiswahili fasaha. Je, kuna neno gani leo linaloweza kufanya kazi ya hongo ya zamani, yaani ada ya wazi ya mwenyeji, bila kubeba aibu ya rushwa? Ni nani katika mtaa au kijiji chenu mwenye haki ya kumkaribisha mgeni kwa niaba ya wengine, na haki hiyo alipewa na nani? Na methali ya jembe, mngeieleza vipi kwa mtalii aliyelipia usiku saba?