Sarafu Iliyowagawa Wavulana wa Somerville

Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville, jirani na Boston huko Marekani, wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walipangwa wawili wawili. Kila jozi ilikaribiana kwa umri, akili, tabia na hali ya nyumbani. Kisha sarafu ikarushwa: mmoja akapata mlezi, mwenzake akaachwa aendelee na maisha yake.

Wazo lilikuwa la Dk. Richard Clarke Cabot, profesa wa Harvard, aliyekwisha kuleta maofisa ustawi wa jamii hospitalini tangu 1905. Aliamini kwamba mtoto aliye na mtu mzima wa kumjali hatakuwa mhalifu. Cabot alifariki mwaka huohuo wa 1939, lakini kazi iliendelea hadi 1945. Walezi walifika majumbani, kwa wastani mara mbili kwa mwezi, wakazungumza na wazazi, wakafundisha masomo ya ziada, wakawapeleka watoto kutibiwa na kuwatafutia nafasi katika kambi za likizo. Mzazi gani angekataa?

Miaka thelathini baadaye mtafiti Joan McCord aliwasaka wavulana hao 506, sasa wakiwa watu wazima wenye familia. Alipekua kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo, akawapelekea na maswali. Takriban theluthi mbili ya waliolelewa ambao walijibu walisema mradi uliwafaa. Nyaraka zilikataa. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1978 yalionyesha kuwa uhalifu haukupungua hata kidogo, na kwamba waliosaidiwa walikuwa wamezidi wenzao kwa dalili za ulevi, magonjwa mazito ya akili na vifo vya mapema.

Bila ile sarafu, shukrani za watu hawa zingetosha kuwa ushahidi, na mradi ungeigwa kila mahali. Ndiyo maana naona ujasiri mkubwa zaidi wa Cabot ulikuwa kukubali kupimwa.

McCord hakuishia hapo. Aligundua kuwa waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja ndio walioharibikiwa zaidi. Inawezekana vijana watundu, wakikusanywa pamoja, walishindana kujisifia makosa. Alipotazama familia zenyewe, madhara hayakuonekana kwa zile zilizowakwepa walezi. Yalikuwa kwa zile zilizowafungulia mlango na kushirikiana nao.