Kutoka kwa Kivoi Hadi Stesheni ya Makindu: Maana na Umuhimu wa Mawasiliano

Waulize watahiniwa wako maana ya mawasiliano, nao watakujibu kwa sauti moja kwamba ni kupashana habari baina ya mtumaji na mpokeaji. Jibu hili si kosa, na mtahini atalitia alama. Hata hivyo limepungukiwa, maana linachukulia kwamba ujumbe ukishatoka kinywani umekwisha kufika, mithili ya barua iliyotiwa sandukuni. Nia yangu katika makala haya ni kukuonyesha, kwa kutumia historia ya pande hizi za Makindu na Kitui, kwamba kazi kubwa ya mawasiliano hufanyika upande wa anayepokea. Nimechagua mifano ya nyumbani kwa sababu isimu jamii ikifundishwa kwa istilahi tupu, wanafunzi huikariri usiku wa kuamkia mtihani na kuisahau asubuhi inayofuata.

Tuanze na Kivoi. Katikati ya karne ya 19, Mkamba huyu wa Kitui alikuwa mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu, aliyeongoza misafara mikubwa kutoka bara hadi pwani ya Mombasa. Hebu fikiria kazi hiyo ilihitaji nini. Msafara ulipita katika nchi za watu wengine, ambako maji na chakula viliombwa au kununuliwa. Ukifika pwani kulikuwa na Wamijikenda, Waswahili, Waarabu na Wahindi. Bei ya pembe haiafikiwi kwa kuashiria vidole peke yake, seuze masuala ya mkopo na ahadi ya kurudi. Wakamba waliozoea safari hizo walilazimika kujifunza kusema na wenyeji wa pwani, na Kiswahili kikapanda bara pamoja na mizigo yao, takriban nusu karne kabla ya reli. Mwanafunzi anayeandika kwamba Kiswahili kililetwa Ukambani na Wazungu amewanyang'anya babu zake sifa yao.

Novemba 1849, mmishenari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa amefika Mombasa mwaka 1844, alitoka Rabai kwenda Ukambani. Alipita Kikumbulyu, yaani pande zetu hizi za Kibwezi, akafika kwa Kivoi. Kivoi akamsimulia habari za mlima mkubwa wenye weupe kileleni, na tarehe 3 Desemba 1849 Krapf akauona kwa macho yake. Wakamba waliuita Kiinyaa. Wazee hulihusisha jina hilo na mbuni, ambaye kwa Kikamba ni nyaa, kwa kuwa weusi wa miamba na weupe wa theluji hufanana na manyoya ya mbuni dume. Wakikuyu nao huuita Kirinyaga. Krapf aliandika kadiri sikio lake la kigeni lilivyoweza kushika, likatoka Kenia. Mwaka 1920 koloni ikapewa jina Kenya. Unaona basi, mwalimu mwenzangu, kwamba nchi nzima imebeba neno lililopita katika kinywa cha Mkamba na sikio la Mjerumani, na kila mmoja akaliachia alama yake. Hapa ndipo unapoweza kufundisha athari ya lugha ya kwanza bila kugusa kitabu.

Habari hiyo ilipofika Ulaya ilipokelewaje? Mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, alikuwa ameuona Kilimanjaro mwaka 1848 na kuripoti kwamba una theluji. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika Mashariki, alizikanusha habari hizo. Theluji karibu na Ikweta! Tazama kwa makini kilichoharibika hapo. Ujumbe ulikuwa wazi, lugha ilieleweka, barua ilifika salama. Kizuizi kilikuwa kichwani mwa msomaji, aliyekuwa amekwisha kuamua kipi kinawezekana na nani anastahili kusadikiwa. Ilipita miaka mingi hadi Joseph Thomson alipouona Mlima Kenya mwaka 1883. Wakamba hawakuwahi kuwa na shaka hata siku moja, lakini hakuna aliyewauliza.

Usidhani upande wetu haukuwa na vizuizi vyake. Krapf alirudi Ukambani mwaka 1851, akaandamana na Kivoi kuelekea mto Tana. Njiani walivamiwa na Kivoi akauawa. Krapf alinusurika, akatangatanga kwa njaa na kiu, na alipofika kwa jamaa za marehemu alikuta lawama. Mbona yeye yu hai na mwenyeji wake amekufa? Kwa kadiri yake Krapf alikuwa mwanafunzi hodari wa lugha. Mwaka 1850 alikuwa amechapisha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba na Kiswahili vikiwemo. Lakini kuijua lugha ya watu si kuaminiwa nao. Mimi naona kisa hiki kinafaa zaidi darasani kuliko ufafanuzi wowote wa istilahi 'muktadha'.

Reli nitaipitia upesi, maana kila kitabu kinaitaja. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899, ukakamilika kwenye Ziwa Viktoria mwaka 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Uhindi, na takriban 2,500 walifia kazini. Makindu, mji uliopewa jina la mikindu yake, ukapata stesheni. Kando ya reli zilikwenda nyaya za simu ya maandishi, ile ambayo wanafunzi wetu walifunzwa kuitunga kwa maneno machache kwa kuwa kila neno lilikuwa na bei. Mpunjabi, Mgujarati, Mkamba na Mwingereza walikutana mahali pamoja pa kazi, na lugha ya kuwaunganisha ikawa Kiswahili, kingi chacho kikiwa cha kubahatisha sarufi. Wasomi hukiita pijini. Walimu wengi hukidharau, nami sikubaliani nao: ngeli zilivunjika, ila kazi ilifanyika. Gari, neno lenye asili ya Uhindi, Mkamba alilitamka ngali, na treni akaiita ngali ya mwaki, gari la moto. Mswahili alitazama moshi, Mkamba akatazama moto, na wote wawili walielewana.

Siku hizi treni ya reli mpya, iliyoanza mwaka 2017, haitushushii abiria. Wao huteremka Kibwezi au Emali. Lakini hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926 na jamii iliyokuja na reli, bado lipo kando ya barabara kuu ya Mombasa, na chakula chake hutolewa bure kwa msafiri yeyote, wa dini yoyote. Ukiwaleta wanafunzi wako hapa kwa ziara, usiwahutubie langoni. Waache wavue viatu, wafunike vichwa, wakae chini pamoja na madereva wa malori na mabibi waliovaa sari, wapokee chapati na dengu kwa mikono miwili. Kisha, mkiwa njiani kurudi, waambie waandike orodha ya yote waliyoelewa kabla ya mtu yeyote kuwasemesha.