Kasha Dogo, Joto Kubwa: Vipimo na Uhuru wa Kuchagua Sehemu za Kompyuta, 1981–2025

Mtu anayetaka kuunda kompyuta yenye nguvu ndani ya kasha dogo hukutana mapema na namba ambazo hakuzichagua yeye. Ubao mama uwe milimita 170 kwa 170. Pawa saplai iwe na upana wa milimita 125 na kimo cha milimita 63.5. Kadi ya grafiki isizidi urefu fulani, na kipozeo cha prosesa kisizidi kimo fulani. Namba hizi zina miaka zilipozaliwa na kampuni zilizozitunga, na mara nyingi zilitungwa kwa shabaha tofauti kabisa na ya anayezitumia leo. Katika insha hii nahoji kwamba historia ya kompyuta ndogo yenye nguvu imeongozwa na mambo mawili: makubaliano ya vipimo baina ya kampuni zinazoshindana, na joto. Makubaliano yalimpa mnunuzi uhuru wa kuchagua na kubadilisha sehemu, na joto likauwekea uhuru huo mipaka. Nitaonyesha pia kwamba tangu 2020 uhuru wenyewe umeanza kuguswa, jambo linalopaswa kutushughulisha sisi ambao mashine zetu hupita mikononi mwa fundi mara nyingi kabla ya kutupwa.

Mwanzo wa makubaliano hayo haukuwa makubaliano. Mwaka 1980 kikosi kidogo cha IBM huko Boca Raton, Florida, kilipewa takriban mwaka mmoja kutengeneza kompyuta binafsi. Kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, kilinunua sehemu zilizokuwa tayari sokoni: prosesa ya 8088 kutoka Intel, mfumo endeshi kutoka Microsoft, na sehemu nyingine kutoka kwa watengenezaji mbalimbali. Mashine ilipotangazwa tarehe 12 Agosti 1981 ilikuwa na nafasi tano za kuchomeka kadi za ziada, na IBM ilichapisha kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi zake. Pawa saplai yake ilitoa wati 63.5 tu. Washindani walielewa haraka kwamba kikwazo kikubwa kilichobaki ni programu ndogo ya kuiwasha mashine. Compaq iliandika programu yake yenyewe yenye kufanya kazi ileile, na Novemba 1982 ikatangaza kompyuta ya kubebeka iliyopokea programu na kadi za IBM. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 13, kwa hiyo kubebeka kwake kulimtegemea sana mbebaji.

Kuanzia hapo umbo la mashine za IBM likawa kipimo cha soko bila mkutano wowote kuitishwa. Aliyetaka kuuza ubao mama alitoboa matundu ya skrubu pale IBM ilipotoboa, na aliyetaka kuuza kasha alifanya vivyo hivyo. IBM ilipopoteza usukani wa soko, Intel iliushika. Mwaka 1995 ilitoa kipimo kiitwacho ATX, kilichoupanga upya ubao mama kuwa milimita 305 kwa 244. Mwaka 1997 ikafuata microATX ya milimita 244 kwa 244, na mwaka huohuo kipimo cha SFX kwa pawa saplai ndogo. Sioni hisani katika hatua hizo. Intel iliuza prosesa, na kadiri ubao, kasha na pawa saplai zilivyokuwa rahisi na za kubadilishana, ndivyo prosesa zake zilivyopata pa kuwekwa. Hata hivyo mnunuzi alifaidika, kwani aliweza kununua kasha kwa huyu na ubao kwa yule, akijua vitashikana.

Kipimo cha milimita 170 kilitoka Taiwan. Mwaka 2001 kampuni ya VIA ilibuni Mini-ITX kwa ajili ya prosesa zake zilizotumia umeme kidogo, ikilenga vifaa vidogo visivyohitaji nguvu kubwa. Jambo la busara lilikuwa kwenye matundu: manne ya skrubu ya Mini-ITX yalilingana na matundu ya ATX. Ubao huo mdogo uliweza kufungwa ndani ya kasha kubwa la kawaida, na nafasi yake moja ya kadi ilikaa mahali palepale ilipotarajiwa. VIA haikufanikiwa sana katika soko la prosesa, lakini kipimo chake kiliishi. Watengenezaji wa bodi walianza kuweka juu ya milimita hizo 170 prosesa za Intel na AMD zenye nguvu ambayo VIA haikuikusudia.

Ili kuona kwa nini kilidumu, tukilinganishe na mashine mbili za wakati uleule. Julai 2000 Apple ilitangaza Power Mac G4 Cube, mchemraba wa takriban sentimita 20 kila upande. Haikuwa na feni. Hewa ilipanda yenyewe katikati ya mashine, na pawa saplai ilikaa nje. Ilisifiwa kwa sura, lakini mauzo hayakufikia matarajio, na Julai 2001 Apple ikasimamisha utengenezaji wake. Mwaka huohuo Shuttle, kampuni nyingine ya Taiwan, ilitoa SV24, kijisanduku cha alumini ambacho mnunuzi alijiwekea prosesa, memori na diski alizopenda. Mashine zake zilizofuata zilitumia mirija ya kusafirisha joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye feni ya nyuma. Hatua ya Shuttle ilikuwa kubwa, ila ubao na pawa saplai vilikuwa na umbo la Shuttle mwenyewe. Vikiharibika, au soketi ya prosesa ikibadilika, mwenye sanduku alimrudia muuzaji yuleyule. Mini-ITX haikuwa nzuri kuliko mashine hizi mbili, lakini ilikuwa ya watu wengi, na kwa hiyo haikufa na kampuni moja.

Sasa nigeukie joto. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walieleza kwamba transista ikipunguzwa ukubwa pamoja na volteji yake, umeme unaotumika kwa kila eneo la chipu hubaki uleule. Kwa miaka thelathini wahandisi waliishi kwa kanuni hiyo: chipu ziliongezeka kasi bila kuungua. Ilipofika katikati ya miaka ya 2000 volteji haikushuka tena kwa mwendo ule, na umeme uliovuja kwenye transista ukawa mwingi. Pentium 4 ya kizazi cha Prescott, iliyotoka Februari 2004, ilipita wati 100 katika matoleo yake ya kasi zaidi. Mei mwaka huo Intel ilifuta mradi wa mrithi wake ulioitwa Tejas, na Oktoba ikaachana na mpango wa Pentium 4 ya gigahezi 4. Katika kipindi hichohicho ilileta kipimo kipya, BTX, kilichohamisha sehemu za ubao ili hewa ipite moja kwa moja juu ya zile zenye joto. Watengenezaji wengi hawakukifuata, na mwaka 2006 Intel yenyewe ikakiacha, kwa kuwa Core 2 Duo, iliyotoka Julai 2006 kwa wati 65, iliondoa dharura. Somo la BTX ni la kihistoria: kipimo bora kihandisi kilishindwa na kipimo ambacho tayari kila mtu alikuwa na sehemu zake.

Joto la prosesa lilipotulia, la kadi ya grafiki lilipanda. Kipimo hakikuwa tayari kwa hilo, na mara hii waliosukuma mambo walikuwa wapenzi wa kuunda kompyuta wenyewe. Kasha la NCASE M1, la takriban lita 12.7, lilichangiwa fedha na wanunuzi wake mwaka 2013 na kutengenezwa na Lian Li ya Taiwan. Miaka michache baadaye mbunifu mmoja wa Ujerumani alileta DAN A4-SFX kwa njia hiyohiyo. Lilikuwa na lita 7.2, na kadi ya grafiki iligeuzwa ikakaa nyuma ya ubao mama, ikiunganishwa kwa kebo bapa. Kasha hili halikubuni sehemu mpya za ndani. Liliokota kipimo cha VIA cha 2001 na kile cha Intel cha 1997, vyote vilivyokuwa vya mashine za kawaida, likavibananisha katika mpangilio mpya. Pawa saplai za SFX nazo zilikua, na leo zipo zinazotoa wati 1,000.

Historia hiyo inaeleza kwa nini anayejenga ndani ya kasha dogo hufuata mpangilio wa kuchagua ulio kinyume na ule wa kasha kubwa. Kwenye kasha kubwa mtu huanza na prosesa anayoitamani, kisha hutafuta pa kuiweka. Kwenye kasha dogo huanza na kasha lenyewe, kwa sababu ndilo linaloamua. A4-SFX ya kwanza ilipokea kadi ya grafiki yenye urefu usiozidi milimita 295 na kipozeo cha prosesa kisichozidi kimo cha milimita 48. Kipozeo cha kimo hicho kinaiweza vizuri prosesa ya wati 65, lakini ile ya wati zaidi ya 150 itapunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na fedha za ziada zitakuwa zimepotea. Kadi ya RTX 5090 iliyotengenezwa na NVIDIA yenyewe mwaka 2025 ina urefu wa milimita 304. Milimita tisa zinaizuia kuingia, kabla hata hatujauliza wati zake 575 zitatokea wapi na kutoka vipi. Kwa hiyo mpangilio wenye maana ni kasha, kadi, pawa saplai, kipozeo, na mwisho prosesa inayolingana na kipozeo hicho.

Hesabu ya joto ina upande wa mahali pia. Feni haizalishi baridi; hubadilisha tu hewa ya ndani kwa hewa ya chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 30 badala ya 20, sehemu za ndani nazo hupanda kwa takriban nyuzi kumi. Katika ukanda wa Maziwa Makuu kuna jambo la pili, ambalo ni mwinuko. Kigali iko juu ya mita 1,500, na katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko ya pwani, hivyo kila mzunguko wa feni hubeba joto pungufu. Mwenye kasha la lita 50 hatagundua tofauti. Mwenye kasha la lita saba hana akiba hiyo, na busara yake ni kuchagua kadi ya wati 200 hata kama pawa saplai inaweza kulisha ya 450.

Joto lina ushahidi mwingine kutoka Apple. Mac Pro ya 2013 ilikuwa silinda ya kimo cha takriban sentimita 25 yenye feni moja. Aprili 2017 viongozi wa Apple walikiri mbele ya waandishi wa habari kwamba umbo hilo halikuweza kumudu joto la kadi moja kubwa ya grafiki, na mwaka 2019 kampuni ikarudi kwenye kasha kubwa. Lakini mwaka 2020 ilipata njia nyingine kwa chipu ya M1: prosesa, grafiki na memori vikawa pamoja, vikitumia umeme mdogo. Udogo ukapatikana, nao uhuru wa kubadilisha memori ukatoweka.

Msomaji anaweza kusema kwamba hiyo ni tabia ya Apple tu. Mfano wa 2025 unanizuia kukubali. Framework, kampuni iliyojipatia jina kwa kompyuta mpakato zinazorekebishika, ilitoa kompyuta ya mezani ya lita 4.5 yenye chipu ya AMD, na memori yake imelehemiwa kwenye ubao. Kampuni ilieleza kwamba ilitafuta na AMD njia ya kuifanya ichomoleke bila kufanikiwa, kwa sababu ya kasi ambayo chipu hiyo inahitaji kutoka kwenye memori. Wakati huohuo ubao wake una milimita 170 kwa 170, na unaweza kuhamishiwa kasha lolote la Mini-ITX. Uhuru umepungua juu ya ubao, ila haujaondoka ndani ya kasha.

Kutokana na hayo, sidhani kwamba udogo na nguvu ndivyo vinavyogombana. Vyote viwili vimesonga mbele pamoja tangu 2001. Kinachogombaniwa ni nani atakuwa na haki ya kufungua skrubu na kuweka sehemu nyingine pale ya kwanza ilipokufa. Katika miji yetu fundi huongeza memori, hubadilisha pawa saplai, na kompyuta ya mwanafunzi mmoja humhudumia wa pili na wa tatu. Hilo liliwezekana kwa sababu kampuni zinazoshindana zilikubali kutoboa matundu mahali pamoja. Anayechagua sehemu leo anashiriki katika makubaliano hayo, na kila anaponunua ubao wa kipimo cha wote anayarefushia maisha.