Chapa binafsi kazini

Chapa binafsi ni sifa anayojijengea mfanyakazi kwa makusudi ili wenzake, wakubwa wake na wateja wamtambue kwa ujuzi na mwenendo fulani. Dhana hii ilivuma mwaka 1997, Mmarekani Tom Peters alipoandika katika jarida la Fast Company kwamba kila mtu ajinadi kama kampuni zinavyonadi bidhaa. Mtandao wa LinkedIn, uliofunguliwa 2003, uliieneza zaidi. Hata hivyo, kinachojenga chapa ya mtu hasa ni mambo madogo: mhasibu kufunga hesabu za mwezi kwa wakati, au kumpigia mteja simu kabla hajauliza, kumweleza kwamba malipo yatachelewa. Wasifu wa kupendeza mtandaoni huvutia macho tu. Anayejinadi kuliko anavyotenda huumbuka mapema.